Nani Alimpokea Nani: Dar es Salaam ya Wenyeji na Wageni Wao

Historia ya Dar es Salaam mara nyingi huanzia kwa Seyyid Majid. Tunafundishwa kwamba katika miaka ya 1860 Sultani huyo wa Zanzibar alivutiwa na bandari tulivu, akajenga kasri na nyumba za mawe, na mahali hapo pakapata jina lake jipya. Majid akafa mwaka 1870, ndugu yake Barghash akaupuuza mji, Wajerumani wakaufanya makao makuu yao mwaka 1891, wakaja Waingereza, ukaja Uhuru. Katika simulizi hiyo Mzaramo na Mshomvi hupewa sentensi moja tu, ile ya kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima. Baada ya sentensi hiyo hawasikiki tena, kana kwamba siku meli ya Sultani ilipotia nanga wao walifunga virago.

Hawakufunga virago. Sensa ya mwaka 1957 ilipohesabu watu 128,742 mjini, Wazaramo walikuwa bado kabila kubwa kuliko jingine lolote. Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba watu wa Mzizima na wa mashamba yaliyoizunguka walikuwa na taratibu zao za kumpokea mgeni, taratibu zenye masharti na haki za pande mbili, na ndizo zilizouwezesha mji huu kuwameza Wamanyema, Wanyamwezi, Wahadhrami, Wakomoro, Wahindi, Wanubi na hatimaye watu wa kila mkoa bila kupasuka. Serikali zilizofuatana zilivuna faida ya mapokezi hayo na kuyafuta masharti yake. Mwenyeji akabaki na wajibu wa kupokea, haki akanyang'anywa.

Kwanza, huyo mwenyeji ni nani? Jibu si jepesi. Washomvi, waliokaa pwani kuanzia upande wa Bagamoyo hadi Kunduchi, Msasani na kusini ya bandari, husimulia kwamba wazee wao walitoka Barawa, katika Somalia ya leo. Magofu ya Kunduchi, yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina, yanatuonyesha kuwa pwani hii ilikuwa na watu wenye dini, biashara na mali karne kadhaa kabla ya Majid. Wazaramo nao husimulia kwamba walishuka kutoka upande wa milima ya Uluguru. Yaani hata wenyeji walifika. Tofauti yao na waliofuata ni kwamba walikubaliana wao kwa wao, na makubaliano hayo yakawa ndiyo sheria ya nchi.

Simulizi ya makubaliano hayo iliandikwa kwa Kiswahili na wenyewe, ikachapishwa na Mjerumani Carl Velten mwanzoni mwa karne ya 20. Wakamba waliwavamia Washomvi, Washomvi wakashindwa kujitetea, wakamwita Pazi, mwindaji na shujaa wa Kizaramo kutoka bara. Pazi akawafukuza Wakamba. Naye hakuondoka mikono mitupu: Washomvi walikubali kumpa ada kila mwaka, na watu wake wakapata njia ya kufika pwani. Mtu anaweza kubishana juu ya vita vyenyewe, vilikuwa vikubwa kiasi gani na vilitokea lini hasa. Lakini mpango uliobaki unaeleweka vizuri. Mtu wa pwani alikuwa na chumvi, samaki na nguo za merikebuni, na mtu wa bara alikuwa na nafaka, pembe na mikuki ya kulinda njia. Kila upande ulimhitaji mwenzake, na kila upande ulijua unadaiwa nini. Ukaaji ulikuwa na bei, na bei ilikuwa heshima ya mpokeaji.

Wazungu waliopita Uzaramo katika miaka ya 1850, akiwamo Richard Burton mwaka 1857, walilalamika sana kuhusu ushuru waliodaiwa njiani. Waliuona kama unyang'anyi. Ukiutazama kwa macho ya mwenye nchi, ulikuwa utaratibu uleule uliomhusu Mshomvi: unapita kwangu, unakunywa maji yangu, unalala chini ya ulinzi wangu, basi kuna haki yangu.

Katika barabara hizo za misafara ndipo ulipokomaa utani wa Wazaramo na Wanyamwezi. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani kwa maelfu, wakabeba pembe na kurudi na nguo, na njia yao ilipita katika nchi ya Mzaramo. Watu wengi siku hizi wanaujua utani kama mzaha tu, matusi ya kuchekesha kati ya makabila. Uzito wake ulikuwa katika shida na kifo. Mtani angeweza kuchukua chakula chako bila kuitwa mwizi, na wewe hukuruhusiwa kukasirika. Kisha, ukifia ugenini, mtani huyohuyo ndiye aliyeshughulikia maiti yako, akachimba kaburi, akakuzika. Kwa msafiri aliye mbali na ukoo wake hiyo ilikuwa bima isiyo na karatasi. Mji ulipokua, utani ukaingia nao mjini. Katika misiba ya Dar es Salaam watani walifanya kazi ambayo kwao bara ingefanywa na ukoo. Sijui chombo kingine cha kijamii kilichofanya kazi kubwa kama hiyo na kikatajwa kidogo hivyo vitabuni.

Tusijidanganye kwamba wote waliofika walikuja kwa miguu yao na kwa hiari. Mji wa Majid na mashamba ya minazi yaliyouzunguka yalihitaji mikono, na mikono mingi ilikuwa ya watumwa. Wengi wa walioitwa Wamanyema, asili yao mashariki ya Kongo, walifika pwani katika misafara ya pembe, wengine wakiwa wapagazi au watu wa wafanyabiashara, wengine wakiwa mateka. Wayao na watu wa upande wa Ziwa Nyasa walipitia njia hiyohiyo ya machozi. Watu hawa hawakuwa na kwao pa kurudi. Pwani iliwapa dini, ndoa, jina la heshima na, kwa baadhi yao, nyumba. Iliwapa pia dharau, maana asili ya utumwa ilikumbukwa kwa vizazi. Yote mawili ni kweli, na anayesimulia moja bila jingine anaharibu historia.

Pigo kubwa kwa mwenyeji lilikuwa la kalamu. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Maneno hayo yanasikika ya haki mpaka uulize nani atathibitisha kwamba ardhi ina mwenyewe, na kwa njia gani. Mkulima wa Kizaramo aliacha shamba lipumzike kwa miaka, akahamia jingine, akijua atarudi. Ushahidi wake ulikuwa miembe aliyopanda babu yake, makaburi, na kauli za majirani. Ofisi ilitaka karatasi. Waliokuwa na karatasi ni kampuni na walowezi wa Kijerumani, na baadhi ya wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu. Hivyo shamba lililopumzishwa likawa pori mbele ya sheria, na pori likawa la serikali au la mnunuzi. Eneo tunaloliita Kariakoo lilikuwa sehemu ya shamba kubwa la Mjerumani aitwaye Schöller kabla serikali haijalinunua, karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia, ili liwe makazi ya Waafrika. Ni vigumu kupata mfano mkali kuliko huu: watu wa nchi wanagawiwa viwanja, kwa ada, katika nchi yao.

Waingereza walioingia mwaka 1916 waliweka kambi ya wapagazi wa jeshi (Carrier Corps) hapo, ile iliyoacha jina la Kariakoo, kisha wakaendeleza mpango wa Wajerumani wa kugawa mji kwa kanda. Mashariki, kwenye upepo wa bahari, Uzunguni. Katikati, Uhindini, penye maduka. Magharibi, Kariakoo ya Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Sheria ilizungumzia aina za majengo, lakini kila mtu alijua inazungumzia rangi za watu. Na haki za viwanja zilitofautiana vilevile. Kwenye kanda za juu mtu alipata hati ya miaka mingi anayoweza kukopea, Kariakoo alipata haki ya muda mfupi iliyolipiwa ada. Sheria nyingine ikazuia Mwafrika kukopeshwa na wafanyabiashara, kwa maelezo kwamba analindwa. Matokeo yake, mwenye duka wa Kihindi aliweza kugeuza jengo kuwa mtaji, na mwenye nyumba wa Kariakoo hakuweza. Tunapojadili kwa nini jamii moja ilitajirika mjini na nyingine haikutajirika, tuanzie hapa kabla ya kutaja tabia za watu.

Ubaguzi huo ulikuwa na tokeo ambalo wakoloni hawakulipanga. Ulimtupa Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na mtoto wa askari wa Kinubi katika mitaa ileile, na mitaa ile ikawa na nyumba za namna moja.

Nyumba yenyewe inajulikana na kila aliyewahi kupanga Kariakoo, Ilala au Magomeni. Mbele kuna baraza. Ukiingia mlangoni unakutana na korido inayonyooka hadi uani, na kila upande wa korido kuna vyumba vitatu. Uani ndiko kwenye jiko, choo, mahali pa kuogea na kamba za kuanikia nguo. Kuta zilikuwa za miti na udongo. Paa lilikuwa la makuti, baadaye la madebe yaliyokunjuliwa, baadaye la bati. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Kwa fedha kidogo kidogo, chumba baada ya chumba, mtu asiye na hati wala mkopo aliweza kujijengea kipato cha uzeeni. Wanawake waliiona nafasi hiyo mapema. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi, wajane na waliotalikiwa, na Wamanyema walijulikana kwa umiliki wao wa nyumba Kariakoo.

Sasa fikiria maana yake kwa kijana aliyeshuka kwenye treni kutoka Tabora, au aliyetoka Songea kutafuta kazi bandarini. Hakupelekwa kambini pamoja na watu wa kabila lake, kama wafanyakazi wa migodi ya Johannesburg. Alitafuta chumba. Akapokewa na bibi wa Kizaramo. Chumba cha jirani yumo Mluguru na mkewe, cha pili yumo Mndengereko, cha tatu Mngoni. Uani ni mmoja, kwa hiyo lugha ya uani ikawa Kiswahili. Mtoto akikosea, mama yeyote aliyepo alimkanya. Maji yakigombaniwa, mwenye nyumba aliamua. Msiba ukitokea chumba kimoja, turubai lilifungwa mbele ya nyumba nzima. Ofisa wa Kiingereza J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji katika miaka ya 1956 na 1957 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, alikuta makabila yamechanganyika mitaani kiasi kwamba hukuweza kuuchora mji kwa ramani ya makabila. Mimi nasema sababu kubwa ni ile korido. Umoja tunaojivunia kama taifa ulifanyiwa mazoezi uani, miaka mingi kabla haujatangazwa jukwaani, na walimu wake wa kwanza walikuwa wenye nyumba.

Ndiyo maana siasa za Dar es Salaam zilichukua sura zilizochukua. Chama cha African Association kilichoundwa mwaka 1929 kilikuwa na Cecil Matola, Myao, kama rais wa kwanza. Katibu wake, Kleist Sykes, alikuwa mtoto wa askari aliyeletwa na jeshi la Mjerumani Wissmann kutoka Msumbiji. Mzee bin Sudi, mwingine kati ya waasisi, alikuwa Mmanyema. Mtoto wa mtu aliyekuja na bunduki ya mkoloni akawa mwasisi wa chombo ambacho, kupitia Tanganyika African Association (TAA), kilizaa TANU tarehe 7 Julai 1954. Julius Nyerere mwenyewe alikuwa mgeni mjini, mwalimu Mkatoliki wa Pugu aliyetoka Butiama, akapokewa katika nyumba za Waislamu wa Kariakoo kama ya Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist. Na TANU ilipotaka wanawake mwaka 1955, kazi hiyo ilimwangukia Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na wanawake wa kila asili waliozoea kuchangishana na kuitikiana. Chama hakikuwaunganisha wanawake hao, kiliwakuta wameungana.

Lakini tazama tena majina ya waasisi wa 1929. Myao, mwenye asili ya Msumbiji, Mmanyema. Walikuwa watu wenye elimu ya ofisi, na elimu hiyo ilikuwa imewafikia zaidi waliokuja kuliko wenye mji. Mzaramo aliona wageni wakimsemea katika mji wake. Wazaramo wakaunda umoja wao, Wazaramo Union, mwaka 1938, na ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya kikabila mjini. Wanahistoria wengine wameuita ukabila na kupita haraka. Naona hilo si haki. Watu waliokuwa wamepoteza ardhi kwa amri ya 1895, ambao mashamba yao ya minazi na mihogo yalikuwa yakimegwa kila mji ulipopanuka, walikuwa na dai halisi. Kudai nafasi ya mwenyeji si sawa na kumfukuza mgeni, na katika mitaa ileile ambako Umoja ulikusanya michango, Wazaramo waliendelea kupangisha, kuoa na kuozesha watu wa makabila mengine.

Utawala wa kikoloni uliwaona wote hao kama wapita njia. Sheria ya mwaka 1944 iliruhusu "wenyeji wasiotakiwa" kuondolewa mjini na kurudishwa makwao. Makuli wa bandari, ambao kazi yao ilikusanya watu wa makabila mengi, walijibu kwa njia yao: mgomo wao wa Septemba 1947 ulienea hadi kwenye reli na miji ya bara. Inauma kukumbuka kwamba baada ya Uhuru tuliirudia fikra ileile. Mwaka 1983, kwa sheria ya Nguvu Kazi, watu walikamatwa mitaani na kupelekwa mashambani kwa kosa la kuonekana hawana kazi.

Wahindi wana sura yao katika historia hii, na mara nyingi huandikwa kama walioutazama mji kutoka dirishani. Ukumbi wa Karimjee, zawadi ya familia ya Karimjee kwa mji, ndimo lilimokutana Bunge la Tanganyika huru. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Karibu majengo 3,000 yalichukuliwa nchini, mengi yakiwa ya Watanzania wa asili ya Kihindi, na familia nyingi zikahama nchi. Nia iliyotajwa ilikuwa kuvunja ukabaila wa nyumba, na ukabaila ulikuwapo. Hata hivyo majengo hayo hayakurudi kwa mtu yeyote wa Mzizima. Yalihama kutoka kwa mgeni mwenye hati kwenda kwa serikali, na mwenye nchi akabaki alipokuwa tangu 1895.

Leo jiji lina watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya 2022. Kariakoo ya korido inavunjwa na kuwa ghorofa. Mwenyeji amesukumwa Mbagala, Chanika na Kisarawe, na huko nako anauza shamba kipande kwa kipande, kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ngoma zake zimebaki katikati ya jiji kuliko yeye mwenyewe: mdundiko ulizaa mchiriku, mchiriku ukachangia singeli inayopigwa sasa kila kona ya nchi, na ni wachache tu kati ya wanaoicheza wanaojua ilianzia kwa nani. Mwezi Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wasio raia kufanya biashara ndogondogo za aina kadhaa, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wafanyabiashara wa Kariakoo dhidi ya wageni, hasa Wachina. Hoja za uchumi zipo na zina uzito wake. Ila wengi wa tunaosema "wageni wametuvamia Kariakoo" ni wajukuu wa watu waliopokewa Kariakoo na wenzao, na hatujawahi kulipa ada.

Ada hiyo bado inalipika. Wizara ya elimu iingize simulizi ya Pazi na Washomvi katika historia ya shule za msingi za Dar es Salaam, kabla ya ukurasa wa Majid. Halmashauri zikipima maeneo ya miradi, makaburi na miti ya urithi ihesabiwe kama ushahidi wa umiliki, na fidia ya mkulima asiye na hati isiwe ya mazao pekee. Nyumba chache za korido zilizosalia Kariakoo na Ilala zihifadhiwe pamoja na majina ya waliozijenga. Na wewe msomaji uliyenunua kiwanja Chanika au Kigamboni, mtafute mzee wa mtaa akuambie shamba hilo lilikuwa la ukoo gani, liandike jina hilo pamoja na hati yako, na uwafundishe wanao kulitaja.